Delma Aulizwa Yeye Mwenyewe

Kaupa na mkewe Delma wanaishi Gumine, milimani, jirani na kwangu. Asubuhi Delma hupalilia viazi vitamu. Kaupa huchuma kahawa, na Jumamosi hucheza raga. Wana watoto wanne.

Mtoto wa nne nusura amuue mama yake. Delma alijifungua, damu ikakataa kukatika. Wanaume walimbeba kwa machela kushuka mlima hadi barabarani. Kaupa alishika machela upande wa mbele njia nzima, na hakukubali kupokewa. Delma akapona. Lakini kwa miezi mingi, akipanda hata kilima kidogo, ilibidi akae chini apumue.

Mtoto alipoanza kutambaa, Nime, kaka mkubwa wa Kaupa, alikuja kula chakula cha mchana. Alisema ukoo unahitaji vijana wa kulinda ardhi. Watoto wanne hawatoshi, tena watatu ni wasichana. Kaupa akaitikia kwa kichwa. Delma akaondoa sahani.

Kesho yake shambani akamwambia mumewe, "Baba Sine, mimi sitazaa tena. Naogopa kufa."

Kaupa alitaka kuanza habari za ukoo. Akaona jinsi mkewe alivyoegemea jembe ili asimame. Akasema, "Basi twende tukaulize."

Zahanati ina muuguzi mmoja, Sista Martina. Alimuuliza Delma ana watoto wangapi, anajisikiaje, na anataka nini. Kila swali alilijibu Kaupa. Alisema mkewe ana watoto wanne, hajambo, na anataka apumzike miaka miwili.

Sista akaweka kalamu chini. "Baba, una sauti nzuri. Lakini nimemuuliza yeye."

Delma akacheka kwanza, kisha akasema, "Si miaka miwili, sista. Sitaki mimba tena kabisa."

Sista akamweleza njia zilizopo: vidonge, sindano, vijiti vya mkononi, kitanzi, na kufunga kizazi. Akasema kuchagua ni haki ya Delma. Mume anaweza kushauri na kusaidia, lakini mwili ni wa mkewe. Hakuna wa kumlazimisha azae, wala wa kumlazimisha aache.

Kaupa akauliza polepole, "Na mimi je? Hakuna ya mwanamume?"

Sista akamwita Umba, mhudumu wa afya mwenye kifua kama mlango. Umba alisema kuna kondomu, na kuna kufunga mirija ya mwanamume.

"Si ndivyo tunavyowafanya nguruwe madume?" Kaupa aliuliza.

Umba alicheka mpaka akashika meza. "Nguruwe tunamtoa kokwa. Mtu hatolewi kitu. Kuna mirija miwili midogo inayopitisha mbegu. Unapigwa ganzi, mirija inakatwa na kufungwa, na siku hiyohiyo unarudi kwako. Nguvu ni zilezile, hamu ni ileile. Mimi nilifungwa miaka sita iliyopita. Kamuulize mke wangu kama analalamika."

Kisha akaacha mzaha. Njia hii ni ya mwanamume mwenye uhakika kwamba hataki mtoto mwingine, kwa sababu kuifungua mirija tena ni vigumu. Baada ya kufungwa, watumie kondomu kwa miezi mitatu, mpaka kipimo kionyeshe kwamba hakuna mbegu. Na haizuii ukimwi wala magonjwa mengine ya ngono.

Walirudi nyumbani wakafikiri kwa wiki nzima. Delma alimwambia, "Mimi nimebeba mara nne. Ukibeba hili moja, nitafurahi. Ukiogopa, sikulaumu, nitaweka vijiti."

Kaupa akaamua kufungwa. Nime aliposikia alikuja amefura, akauliza nani amemtuma aharibu ukoo.

"Kaka, ulibeba machela pamoja nami," Kaupa alisema. "Uliiona ile damu. Unataka tumbebe tena?"

Nime akaketi karibu na moto. Halafu akaomba kiazi.

Kaupa alifungwa siku ya Jumatatu. Alipumzika siku chache, na kwa wiki kadhaa hakubeba mzigo mzito wala kucheza. Wenzake wa timu walimtania kwamba sasa atakimbia kama kuku. Aliporudi mazoezini, aliwapita wote mara mbili akafunga. Baada ya miezi mitatu kipimo kilionyesha hakuna mbegu. Siku hiyo Delma alichinja kuku wake mkubwa.

Mwaka huu kahawa ilipokwisha kuvunwa, tulifanya sherehe. Delma alivaa manyoya kichwani akaingia uwanjani na wanawake wenzake. Hakuwa amecheza ngoma tangu mtoto wa pili. Kaupa alimtia mtoto mdogo kwenye mfuko wa kusuka, akauning'iniza mgongoni kwa mkanda wa kichwani kama akina mama wanavyofanya. Wanaume walimcheka. Yeye aliendelea kuzunguka uwanja, akimwonyesha mtoto mama yake.

Jua lilipokaribia kuzama nilimuuliza Delma kama hajachoka. Akasema amechoka sana, na akaendelea kucheza.