Spana ya Kumi na Tisa

"Mwewe, mtu wa adui yumo karakanani. Anataka Rudra-6 lituangukie wenyewe."

"Jina?"

"Hatuna. Sura hatuna. Kombora linaruka kesho saa nne asubuhi."

Redio ikakatika.

Lopamudra Behera, jasusi wa serikali aliyeitwa Mwewe redioni, aliruka kutoka kwenye jipu yake ya Mahindra.

Rudra-6: hatua tatu za fueli kavu, kilomita elfu sita, vichwa vitatu vya nyuklia, kila kimoja na shabaha yake. Kesho lingebeba vichwa vya chuma tupu. Miaka kumi na moja ya kazi. Makombora mawili yalikwisha zama Ghuba ya Bengali. La tatu likishindwa, mradi unafungwa. Mataifa makubwa yalikuwa yanangoja kucheka.

Karakana ilikuwa tupu. Ilikuwa sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Mafundi wote walikuwa uani wakila wali wa dengu. Vyombo vyao vililala juu ya majani ya mgomba, vimepakwa unga mwekundu. Siku hiyo vyombo huabudiwa, na fundi wa jimbo hili la Odisha, India, hagusi hata bisibisi.

"Viatu, dada! Vua viatu!" alifoka Bansidhar Sahu, fundi mkuu, akitokea uani.

Alivua. Akahesabu spana: kumi na nane.

Jani la kumi na tisa lilikuwa tupu.

"Mzee, ya kumi na tisa kaichukua nani?"

"Leo? Nani ana wazimu huo?" Bansidhar alicheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Lopamudra alikwisha panda jukwaa la kombora, peku, bila kishindo.

Juu, mtu mwenye ovaroli alikuwa akikaza boliti.

"Fundi mkuu kanituma," alisema.

"Leo?"

Kisu kilimetameta. Lopamudra aliinama, akampiga kiwiko. Ubavu wa mtu yule ulialika. Bastola yake ya Glock ikamgusa sikio.

Chini ya kifuniko kulikuwa na kidude kidogo kama kiberiti. Kingezuia hatua ya kwanza kuachia ya pili.

"Mzee, kitoe!"

Bansidhar alifika akihema, akakunja mikono. "Mimi? Leo sishiki spana hata aje rais. Huyu keshaishika. Akitoe yeye."

"Umemsikia mzee. Fungua."

Mtu yule alifungua. "Nchi imejaa wenye njaa. Kombora la nini?"

"La kutuondolea watu wanaotuuliza hivyo."

Kesho yake Rudra-6 lilipasua mawingu. Dakika ishirini baadaye meli ya doria iliita kwa redio kutoka bahari ya kusini: "Vichwa vitatu, shabaha tatu!"

Simu ya Lopamudra ikalia. Mkuu wake.

"Mabalozi wa mataifa makubwa wamefura. Wanataka maelezo."

"Wapange foleni."

Akakata simu, akatembea taratibu kuelekea kwenye Mahindra yake.