Jedwali la Wavinya

JUMAMOSI, SAA KUMI JIONI

Chumba kilikuwa nyuma ya bucha, Soko la Burma. Mlango umefungwa, moshi wa nyama choma unapenya kwenye nyufa. Watu watatu, laptopu moja.

Ndeti ndiye mkubwa wa genge. Haongei sana, na hapendi kuulizwa swali mara mbili.

"Onyesha," alisema.

Wavinya akageuza laptopu. Alikuwa karani wa kampuni ya ulinzi hadi walipomfuta kazi. Wajinga wale walimfuta yeye, paswadi yake wakaisahau! Bado aliingia kwenye wiki yao, zile kurasa za mtandaoni ambazo kila idara huandika mambo yake. Zamu za masoja ukurasa mmoja. Funguo za maghala ukurasa mwingine. Ruhusa za waliokwenda mazishini, mwingine. Kila ukurasa na jedwali lake, na jedwali moja peke yake halikuambii kitu.

"Nimeyaunganisha yote," Wavinya alisema. "Sasa nachuja. Siku, Jumapili. Ghala, lile la simu. Geti, la nyuma."

Mistari yote ikapotea, ukabaki mmoja. Soja Aloo, peke yake hadi mchana.

"Aloo ni mtu wa chupa," Ndeti alisema. "Tutamwonyesha mzinga wa pombe, atafungua."

Owiti, dereva, aliinama akalisoma lile jina tena. Katika kampuni hiyo hiyo kulikuwa na soja mwingine, Sylvance, mdogo wake, waliyelala naye kitanda kimoja Makongeni mpaka ndevu zikawaota.

"Brathe yangu hayuko?"

"Umeona mwenyewe."

"Akiwa hapo siendeshi. Nilishasema."

"Buda, macho unayo."

Owiti akatulia. Maskini, aliamini.

JUMAPILI, SAA TATU ASUBUHI

Gari lilisimama Mbotela. Kanisani watu walikuwa wanaimba. Ndeti alishuka kununua sigara. Wavinya alikaa nyuma, laptopu mapajani, anatafuna kucha. Tangu asubuhi hakuwa amemtazama Owiti usoni.

"Niaje, mbona umenyamaza?"

"Niache."

"Leta hiyo kitu."

Owiti akainyakua laptopu. Juu ya jedwali kulikuwa na vichujio. Jana alitajiwa vitatu. Hapa vilikuwa vinne, na cha nne kilisema: jina lisiwe Sylvance.

Akakiondoa. Mstari wa pili ukatokea papo hapo, umetoka ukurasa wa ruhusa. Aloo amekwenda kuzika nyumbani. Anashikiwa zamu na Sylvance.

"Ulijua!"

"Ndeti aliniambia niufiche." Wavinya alianza kulia. "Haki ya Mungu, Owiti, kwanza nilikataa."

"Kwa nini mimi? Madereva wamejaa Jogoo Road!"

"Kwa sababu wewe atakufungulia."

Mlango ukafunguka. Ndeti aliona skrini, akatoa bastola, akamkandamiza nayo mbavuni.

"Sasa umejua. Endesha."

"Zii, siendeshi."

"Ukienda wewe, anafungua kwa maneno. Nikienda mimi, nafungua kwa hii. Chagua."

Owiti akawasha gari. Alimchukia Ndeti kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia mtu.

SAA TATU NA NUSU

Ndeti na Wavinya walijificha chini ya turubai, nyuma ya kiti cha dereva. Sylvance alichungulia kwenye kidirisha cha geti. Uso ukachangamka, halafu ukaingia hofu, kama kuna habari mbaya ya mama yao.

"Brathe! Huku unatafuta nini? Ni mathe?"

Njia nzima Owiti alikuwa amewaza jambo moja: akitoka tu, namvuta ndani, nakanyaga mafuta, Ndeti atajua mwenyewe. Mpango wa kijinga, lakini hakuwa na mwingine.

"Ni mathe," alisema. "Ameanguka. Fungua, twende."

Sylvance hakuuliza zaidi. Minyororo ikaanguka, geti likawa wazi. Akaja mbio, kofia mkononi, akashika mlango wa gari.

Ndeti akainuka. "Huyu ameona sura," alisema, akafyatua mara mbili.

Owiti alipiga ukelele, akaruka chini, akampakata mdogo wake kwenye vumbi. Hakuna aliyehangaika naye. Ndeti na Wavinya walipakia maboksi ya simu, wakaondoka na gari.

"Mathe wamempeleka wapi?" Sylvance aliuliza, damu mdomoni.

Owiti alimwambia mathe ni mzima, hana hata homa, yuko kanisani anaimba. Alimwambia hivyo mpaka makarao wakafika na pingu, na kwa muda wote huo Sylvance alikuwa ameshakufa.