Nani Alikutuma Kunisafisha?

Duka la dawa lilikuwa limefurika hadi mlangoni. Watu walisongamana wakikohoa na kupepea vyeti vyao vya daktari, na binti wa kaunta alikuwa na sauti ya kutangaza mpira.

"Wa dawa ya chunusi!" aliita. "Jamani, dawa ya chunusi za uso, nani mwenyewe?"

Mwenyewe, dada mmoja, alikuwa amesimama mbele yake, wala hakuhitaji kutafutwa. Alivaa shati la kazi lenye mifuko minne, buti zilizoganda udongo, na kofia pana ya turubai aliyoivuta mpaka kwenye nyusi. Lakini mashavu na kidevu vilikuwa nje, na huko ndiko chunusi zilikojaa, nyekundu, nyingine zimeiva. Watu wakageuka kutazama.

"Ni yangu," alisema. "Na mwenye bawasiri naye mnamwita hivyo hivyo?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Sauti ya kiume ikasema nyuma yake, "Dada, nakuomba usimfundishe huyo binti. Anayefuata ni mimi."

Aligeuka akiwa tayari kumrarua mtu. Akakuta kijana mrefu, shati la maua ya bluu, kamera shingoni, jicho la kushoto limelegea kidogo kana kwamba lilichelewa kuamka.

"Natania," kijana akasema. "Nimefuata dawa ya kikohozi ya mama. Lakini umesema kweli, na mtu alipaswa kusema."

Mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani, alimvuta dada wa kofia pembeni. "Mwanangu, daktari wa ngozi amekueleza namna ya kuitumia?"

"Ameandika tu. Alikuwa na haraka, hata uso wenyewe sijui kama aliuangalia."

Mama akatikisa kichwa, akafungua boksi na kumwonyesha kitubu kidogo cha krimu. "Hii ni tretinoini. Unapaka usiku tu, uso ukiwa umekauka kabisa. Kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si kwa kila chunusi. Epuka macho na pembe za mdomo. Anza kila baada ya siku mbili tatu mpaka ngozi izoee. Mchana unapaka losheni ya kuzuia jua, na hiyo kofia usiivue. Utabanduka, na zinaweza hata kuongezeka kabla ya kupungua. Usiitupe. Inataka miezi, haitaki siku. Na ukipanga kupata mtoto, unaiacha kwanza na unakuja tuongee, maana hii haifai kwa mjamzito."

"Mtoto na nani, mama? Hata mchumba sina."

Mwenye kikohozi cha mama yake akakohoa nyuma yao.

Walitoka pamoja bila kupanga. Kijana alikuwa mpiga picha katika studio ya mjomba wake, kona ya pili kutoka hapo. Dada alikuwa mpima ardhi, anatembea na kipimio chake cha miguu mitatu na vigingi vyake vyekundu, akiwaonyesha watu wanaogombana kiwanja cha nani kinaishia wapi.

"Kofia, nipe basi namba yako," mpiga picha akasema.

"Ya nini?"

"Siku nikipata bawasiri nikupigie."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na jina la Kofia likamganda kuanzia siku hiyo.

Sasa ngoja niseme jambo moja kabla sijaendelea na mapenzi yao, maana linaniudhi. Mtu akitokwa na chunusi, uso wake unageuka mali ya umma. Mtu mwenye kitambi haambiwi na muuza mkaa apunguze wali, lakini mwenye chunusi kila mpita njia ni daktari wake. Kofia alikuwa anaoga kuliko wote waliomwambia anawe uso. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimwambia, "Ukiolewa zitaisha zenyewe," kama vile mume ni sabuni. Mkuu wake wa kazi alimwambia apunguze mawazo, yeye aliyekuwa akimpa hayo mawazo. Jirani akamletea mchanganyiko wa kopo lisilo na maandishi, akaapa kwamba dada yake alipaka akawa mweupe kama karatasi. "Nani amekuambia nataka kuwa karatasi?" Kofia akamuuliza, akamrudishia kopo lake.

Dawa ilipoanza kazi, mambo yakawa mabaya zaidi, kama mfamasia alivyosema. Ngozi ilibanduka pembeni mwa pua na kidevuni, mashavu yakawaka, na chunusi zikatoka mahali ambapo hazijawahi kutoka. Alipaka punje yake ya njegere, akasubiri, akavumilia. Midomo ya watu haikuvumilia. "Sasa umejiunguza!" shangazi alilia. "Nilisema mimi!"

Mtu mmoja tu hakusema kitu.

"Haloo, kipenzi," mpiga picha alipiga kila jioni. "Leo umepatanisha wangapi?"

"Wawili wamepatana. Wa tatu amekaa juu ya jiwe la mpaka, anasema tumbebe yeye pamoja nalo."

"Mngembeba tu."

"Ni mnene, mpenzi. Tungehitaji winchi."

Walicheka kwenye simu, walicheka kwenye benchi la nje ya studio, na mkono wa kijana ulimshika shavu bila kukwepa popote. Jioni moja Kofia alishindwa kujizuia. "Hivi wewe huoni uso wangu?"

"Naona. Unao mmoja, na uko mahali pake."

Alilala na maneno hayo kama mtu aliyevua viatu baada ya safari. Kulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo uso wake haukuwa tatizo la kutatuliwa. Mahali hapo palikuwa macho ya huyo kijana, moja limeamka na lingine bado.

Siku moja mpiga picha alimfuata kazini. Kofia alikuwa ameinama kwenye kipimio, kofia imesukumwa nyuma dakika hiyo hiyo, anamcheka yule mnene wa jiwe. Kamera ikalia. "Hii nitaikuza," kijana akasema. "Usiulize. Utaiona."

Aliiona, kweli. Ilikuwa Jumamosi, barabara imejaa. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya kutoka naye, lenye mikono mifupi na mfuko mmoja kiunoni, na hereni ndogo za duara. Mbele ya dirisha la studio walisimama wanawake wawili.

"Mwone mtoto alivyo mzuri," mmoja alisema. "Ngozi kama ya kichanga."

"Hawa wanazaliwa hivyo," wa pili akajibu. "Sisi wengine tulipitwa."

Kofia akainua macho. Dirishani, kubwa kuliko mlango, alikuwa yeye. Shati la mifuko minne, kipimio, kicheko. Lakini uso haukuwa na chunusi hata moja. Haukuwa na wekundu wala ngozi inayobanduka. Hata kovu la kidevuni, alilolipata akijifunza baiskeli, kovu ambalo halijawahi kumkosea mtu, lilikuwa limefutwa.

Mmoja wa wale wanawake akageuka, akamtazama usoni, na kumpisha kwa huruma. "Pole dada. Kuna dawa siku hizi, jaribu jaribu." Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye picha yake mwenyewe na hakuna aliyemtambua.

Aliingia ndani mlango ukigonga ukuta.

"Kipenzi! Umeiona?" Mpiga picha alikuwa anang'aa kwa furaha. "Nilitaka iwe zawadi ya siku yako ya kuza—"

"Ni nani yule?"

"Nani? Ni wewe!"

"Mimi nimesimama hapa. Yule wa dirishani ni nani? Umemtoa wapi?"

Kijana akakodoa macho. "Nimesafisha kidogo tu kwa kompyuta, mpenzi. Kila picha inayotoka hapa tunaisafisha. Ni kawaida ya kazi."

"Nani alikutuma kunisafisha? Mimi uchafu?"

"Sikusema uchafu..."

"Mimi nikihamisha jiwe la mpaka, napelekwa mahakamani. Kitu kilipo ndipo ninapokiandika, hata mwenye kiwanja akilia. Wewe umehamisha uso wangu wote, umeutundika barabarani, halafu unaniambia ni zawadi!" Sauti yake ilipasuka, na hilo lilimuudhi zaidi. "Shangazi ananitaka uso mwingine. Bosi ananitaka uso mwingine. Wewe ulikuwa kimya, nikadhani umeridhika na huu. Kumbe ulikuwa unasubiri kompyuta!"

Mjomba, mwenye studio, alichungulia kutoka nyuma ya pazia. "Binti, lakini hiyo picha imetuletea wateja wengi sana."

"Basi muoeni yeye!" Kofia alisema, akatoka na gauni lake la kijani.

Simu ziliita. Hakupokea. Siku moja shangazi aliinyakua ile simu. "Haloo? Ndiyo, yupo. Anasema hayupo." Akafunika simu kwa kiganja. "Mwanangu, mtu kakupamba, wewe unanuna?"

"Hakunipamba, shangazi. Alinibadilisha na mwingine."

Aliendelea na dawa yake. Wakati mwingine, akiwa na kitubu mkononi mbele ya kioo, alijiuliza anapaka kwa ajili ya nani, na jibu lilikuwa lile lile: chunusi zinauma, na uso ni wangu. Wiki zikapita na dawa ikaanza kushinda. Vile vipele vikubwa vya mashavuni vikanywea, wekundu ukapoa, yakabaki madoa na kipele kimoja kimoja cha ukaidi.

Mngedhani angefurahi. Alifurahi, ndiyo, lakini hasira ikapata chakula kipya. Mkuu wa kazi alianza kumsalimia kwanza. Yule binti wa duka la dawa akamwita "mrembo" kwa sauti ile ile ya mpira. Jirani akaeneza kwamba ni kopo lake ndilo lililofanya kazi. "Umekuwa mtu sasa!" mmoja alimwambia kazini, akitabasamu, na Kofia akamuuliza kwa upole alikuwa nini zamani. Zaidi ya yote aliogopa jambo moja: kwamba mpiga picha angesikia habari za uso mpya na kurudi mbio, na yeye asingejua tena kama amerudi kwake au kwa yule wa dirishani.

Kijana hakuja. Alituma ujumbe mfupi: "Nimeitoa. Samahani haitoshi, najua."

Kofia alipita barabara ile akijiambia kwamba ni njia ya mkato, ingawa haikuwa. Dirishani kulikuwa na picha nyingine, kubwa vile vile. Alikuwa mpiga picha mwenyewe, amepigwa kwa karibu bila huruma. Jicho lililolegea lilionekana waziwazi. Vipele vya kunyoa ndevu vilipanga foleni shingoni. Jino moja la mbele lilikuwa limepishana na mwenzake. Mlangoni mjomba alikuwa ameshika kiuno.

"Afadhali umekuja!" alimwambia Kofia. "Mwambie aitoe hii! Mtu anakuja kupiga picha ya harusi, akiona hilo jicho anarudi kwao!"

Mpiga picha alitokea ndani, amekonda kidogo, shati lile lile la maua. Walitazamana. Alimtazama usoni, pote, taratibu.

"Sema basi," Kofia alisema. "Wote wameshasema. Nimekuwa mzuri?"

"Zimepungua," kijana akajibu. "Yamebaki madoa shavu la kulia. Kuna kipele kimoja kipya juu ya mdomo, na kidevu kinabanduka leo. Nilikuwa naona tangu siku ile ya foleni, kila kimoja. Nilijifanya sioni, nikadhani ndiyo adabu. Halafu mkono ukazoea kazi, ukafuta. Nikawa kama wale wengine, ila mimi sikufungua mdomo."

Kofia alimpita, akaingia ndani mpaka kwenye kaunta. "Kuna kitu hukijui. Nilikuwa nimepumzika kwako. Kwako peke yako. Ukanitoa."

"Najua sasa."

"Hujui. Lakini endelea."

"Nataka nikuoe," alisema, ghafla na vibaya, bila kupiga goti, huku mjomba wake akisikiliza bila aibu. "Sijajiandaa. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha tu."

Mjomba akakaa chini.

Kofia alivua kofia yake akaiweka juu ya kaunta. "Sikiliza vizuri, maana hili si la mashairi. Unakumbuka yule mama wa miwani? Ukipanga mtoto, dawa unaiacha. Mimi nataka watoto. Kwa hiyo ukinioa, siku itafika nitaiweka dawa hii kabatini. Watanipa nyingine, labda ifanye kazi, labda isifanye. Zinaweza kurudi zote na jamaa zao. Nitakuwa na tumbo, na uso ule ule uliokuwa foleni, miezi na miezi. Na watu watasema, unawajua. Siku hiyo utachukua nini? Kompyuta yako?"

Mpiga picha alimtazama kwa macho yake yote mawili, na lile la kushoto safari hii lilikuwa limeamka kabisa.

"Nitachukua kamera," alisema. "Kompyuta nitamwachia mjomba."

Kofia alitaka kubaki amekasirika kidogo zaidi, kwa kuwa alikuwa na haki hiyo. Badala yake akavuta kile kiti cha mbele ya pazia ambacho wateja hukalia, akakaa, akainua kidevu kwenye mwanga, na kovu lake la baiskeli, na ngozi yake inayobanduka, na kipele kipya juu ya mdomo.

"Piga," alisema. "Na hii ndiyo itakayokwenda kwa shangazi na habari za posa. Ukifuta hata kimoja, namrudishia mama yako mwana wake."

Mpiga picha alisahau kutoa kifuniko cha kamera, ikabidi apige mara mbili.