Mpaka Zifike Ishirini

"Mwachie mkono wake!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Watu wawili waliokuwa wakila tambi karibu na dirisha wakageuka. Mwenye mgahawa, mjane wa Kichina ambaye mtaa mzima unamwita Mama Tambi, alikuwa ameinama mezani, vidole vyake vimeshika vidole vya mchumba wangu. Naam, mchumba wangu, aliyeivunja harusi yetu kwa ujumbe wa simu zikiwa zimebaki wiki tano.

Ujumbe huo bado ninao: "Nisamehe. Usinisubiri. Mimi si yule uliyemjua. Tafuta mwingine." Tangu siku hiyo simu yangu hapokei, kibanda chake cha kutengenezea saa kimefungwa, na dada yake kila nikimuuliza anatazama pembeni. Nililia mpaka nikajichoka. Halafu mchana ule rafiki yangu akanitumia picha aliyoipiga kupitia kioo cha mgahawa: mikono miwili juu ya meza, wa mwanamke umeufunika wa mwanamume. Chini ameandika: "Mwenzangu, kikulacho ki nguoni mwako. Si hapa ndipo mlipokuwa mnakula kila Jumamosi?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kufundisha. Chaki ingali vidoleni, wala sikupita nyumbani.

"Mwalimu," akasema Fundi. Tumezoea kuitana hivyo, kwa kazi zetu. "Si unavyofikiri."

"Unajua ninavyofikiri? Miezi miwili hujaniuliza hata kama nimelala!"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Meza yetu, Fundi! Umekosa hata aibu ya kuhama meza?"

Mama Tambi hakushtuka kama mtu aliyefumaniwa. Aliuachia ule mkono taratibu, akajifuta unga kwenye aproni.

"Afadhali umekuja," akaniambia. "Nimechoka kutunza siri isiyo yangu."

"Mama, uliniahidi," Fundi akasema.

"Niliahidi sitasema. Basi onyesha mwenyewe."

Mbele ya Fundi palikuwa na sahani mbili. Moja imejaa dampling, vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, zilizopoa, zile zilizopasuka kwenye mvuke zisizofaa kwa wateja. Nyingine ilikuwa na tatu tu. Fundi akachukua vijiti viwili vya kulia tambi kwa mkono wa kulia, akabana dampling moja, akainyanyua. Mkono ukaanza kutetemeka. Ni mkono ule ule niliouona ukifunga skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta ndani ya saa ya kike. Dampling ilifika nusu ya safari, ikaanguka mezani.

"Tena," akasema Mama Tambi.

Ikaanguka.

"Tena."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Kiharusi," Fundi akasema bila kunitazama. "Ile safari niliyokuambia nafuata vipuri, nilikuwa hospitalini. Dada ndiye aliyeniuguza, nikamwapisha asiseme. Mguu umerudi. Mdomo umerudi. Mkono huu ndio unaonisumbua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungebaki."

"Ndiyo, ningebaki!"

"Kwa kunihurumia. Sikutaka uolewe kwa huruma, Mwalimu. Fundi saa asiye na mkono atakulisha nini?"

"Na hizi dampling?"

"Marehemu mume wa Mama aliugua hivi hivi. Anasema vijiti vilimsaidia. Basi nikajiwekea nadhiri: siku nitakayohamisha ishirini kutoka sahani hii mpaka ile bila kuangusha, nitakuja kupiga hodi kwenu. Jana nilifika tisa."

Sitaki kudanganya, huruma haikunijia kwanza. Hasira ilinipanda upya, nikatamani kumpiga kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Mimi kazi yangu nini?" nikamuuliza.

"Mwalimu."

"Wa darasa la ngapi?"

"La kwanza."

"Nina watoto arobaini na watatu. Wakija hakuna anayejua kushika penseli. Naushika mkono mmoja mmoja. Wanaangusha, wanalia, wananivunjia penseli, kesho tunaanza upya. Umewahi kusikia nimemwambia mtoto akae kwao mpaka ajue kuandika, ndipo aje shule?"

Machozi yakamtoka Fundi, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wateja.

Nikazunguka meza, nikasimama nyuma yake, nikaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Legeza bega. Hiki kijiti cha chini hakitembei, kilale hapa. Cha juu ndicho kinachobana."

"Mama naye anasema hivyo hivyo."

"Basi una walimu wawili. Kazi unayo."

Akacheka huku analia. Tukainyanyua pamoja. Ikaanguka. Mama Tambi akatuletea bakuli la tambi lenye supu ya moto, akaliweka katikati yetu.

"Kuleni kwanza," akasema. "Mwenye njaa hutetemeka hata akiwa mzima."

Harusi tuliifanya miezi minne baadaye. Ishirini alikuwa hajafika. Rekodi yake ilikuwa kumi na nne, na nilimkataza kuzisubiri hizo sita zilizobaki. Yeye naye akakataa kunivisha pete kwa mkono wa kushoto.

Pete ilimponyoka. Ikadunda sakafuni, ikabingiria mpaka miguuni pa Mama Tambi, aliyekaa safu ya mbele. Wifi yangu akajifunika uso kwa mikono. Mama Tambi akaiokota, akaifuta kwenye gauni lake jipya, akanipa mimi.

Niliirudisha kati ya vidole vya mume wangu, nikakikunja kile cha juu kama inavyotakiwa.

"Tena," nikamwambia.