Balbu ya Juu ya Cherehani

Mshonaji alichukia kitu kimoja tu, kufumua. Nguo akishaishona, imeshonwa. Lakini siku hizi alikuwa akifumua karibu kila nguo. Mshono ulikwenda upogo. Uzi ulikataa kabisa kuingia kwenye sindano. Juzi mteja alirudisha suruali nyeusi iliyopindwa kwa uzi wa buluu. Mteja alicheka, yeye hakucheka. Mama yake alipofuka akiwa na umri kama wake, naye aliamini sasa zamu ni yake.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo, lakini aliogopa. Alimwambia tu mdogo wake aje Jumamosi achukue cherehani, kwa kuwa yeye amechoka kushona.

Mumewe aliitwa na watoto Bwana Zima. Hapiti penye swichi bila kuizima, na kama uko bafuni, shauri yako. Umeme ulipokuwa ukiisha upesi, aling'oa balbu zote za zamani, zile zinazochoma kama pasi. Akaweka za LED nyumba nzima. Hapo alifanya vyema. Ila dukani alisoma wati peke yake, akachagua zenye wati chache kuliko zote. Ukumbini wati tatu. Juu ya cherehani, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, wati tatu vilevile.

Jumamosi alasiri, jirani yao fundi umeme alifuata gauni la mwanawe. Alimkuta mshonaji ameinama, pua inagusa kitambaa.

"Dada, mbona unashona gizani?"

"Si giza, jirani. Ni macho yangu. Yanakwisha, kama ya mama."

Bwana Zima alikuwa mlangoni. Alisikia.

Fundi hakubishana. Alimshika mkono mshonaji, akamtoa uani penye jua, akampa sindano na uzi. Mshonaji alijaribu. Uzi ukaingia mara moja. Akajaribu tena, ukaingia. Akaanza kulia.

Waliporudi ndani, fundi alitazama juu, kisha akamgeukia mume.

"Shemeji, wati ni umeme ambao taa inakula. Mwanga inaoutoa hupimwa kwa lumeni, nao umeandikwa kwenye boksi. Usitazame kimoja ukaacha kingine."

Akaeleza kuwa ukumbini taa ndogo inatosha. Penye kazi ya macho panahitaji lumeni mia nane au zaidi, na mwanga mweupe, ili rangi zionekane zilivyo. Balbu ya LED ya namna hiyo hula wati tisa hivi. Ile ya zamani yenye mwanga kama huo ilikula sitini.

"Kwa hiyo akiba yangu ipo palepale?" mume aliuliza.

"Ipo. Na wewe dada, nenda ukapimwe macho, maana mama yenu aliugua. Lakini usigawe kazi yako kwa sababu ya balbu."

Bwana Zima alikwenda dukani mwenyewe. Safari hii alisoma boksi pande zote, mpaka muuzaji akamuuliza kama anatafuta kasoro. Alipoifunga balbu mpya juu ya cherehani, buluu ikawa buluu na nyeusi ikawa nyeusi.

"Ungeniambia, mke wangu," alisema taratibu.

"Niliogopa usije ukaamini kwamba kweli napofuka."

Mdogo wake alipofika na mkokoteni, alimkuta anashona.

"Dada, nimekuja kuchukua cherehani."

"Nisamehe, mdogo wangu. Bado naona."