Kiatu cha Loti ya Kumi na Saba

Changawa alikuwa jirani yetu hapa Kiembeni, mlango wa tatu kutoka kwetu, yule aliyekuwa akitembea na tochi mfukoni mchana kweupe. Tochi ilikuwa ya kumulikia chini ya magari. Kazi yake ilikuwa kununua magari kwenye minada ya serikali, kuyatengeneza kidogo, kisha kuyauza. Kazi ya halali, sikatai. Ila namna alivyoifanya, hapo ndipo tulipokosana.

Ijumaa ile ilianza vizuri tu. Agneta, mkewe, alikuwa keshatoka alfajiri kwenda Kongowea kuuza nyanya zake. Changawa akanywa chai kwa mahamri mawili, akamtania bintiye Fancy, mtoto wa miaka sita, ambaye shule yao ilikuwa imefungwa.

"Fancy!"

"Abeee!"

Aliivuta ile abee mpaka mtu ungecheka. Ndivyo alivyoitikia kila mtu, hata akiwa amenuna. Changawa akacheka, akainama chini ya kitanda cha mtoto, akachukua kiatu kimoja cha shule, cha mguu wa kushoto, cheusi chenye kibanio. Akakitia mfukoni pamoja na tochi, akamwacha mtoto kwa shangaziye wa nyumba ya pili, akaenda zake Changamwe.

Ilikuwa siku ya ukaguzi. Kabla ya mnada, wanunuzi huruhusiwa kuingia katika yadi ile ya serikali, wakafungua milango, wakalala chini ya magari, wakanusa oili. Wote wanaamkiana vizuri, wote wanachukiana. Na wana mchezo wao, wanauita kulichafua gari. Ukilitaka gari, unaliharibia jina ili wenzako walikimbie. Huyu atachomoa waya lisiwake, yule atamwaga oili chini watu wadhani injini imekufa. Changawa aliuona huo ujanja wa kitoto. Watu wa Pwani, alikuwa akisema, hawakimbii injini mbovu. Wanakimbia kitu kingine.

Gari alilolitaka lilikuwa loti ya kumi na saba kwenye orodha ya mnada, Probox nyeupe iliyobeba mafaili ya ofisi miaka kumi. Haikuwahi kugonga hata kuku. Changawa aliijua historia yake yote, kwa kuwa alikuwa ameiulizia. Aliingia ndani kama mtu anayekagua usukani, akakisukuma kiatu cha mwanawe chini ya kiti cha dereva, kimefungwa kitambaa chekundu pamoja na vipande viwili vya makaa na kifuu cha nazi, ionekane kafara. Akatoka, akapangusa mikono.

Halafu akamngoja Abdulaziz. Huyu alikuwa mnunuzi wa Likoni, mtu wa maneno makali, na kwa miaka minane wawili hawa walikuwa wakinyang'anyana magari. Abdulaziz akaja, akafungua mlango, akapeleka mkono chini ya kiti kama wanavyofanya wote. Mkono ukatoka na kitambaa.

"Audhubillahi!" Akakitupa palepale na kurudi nyuma hatua tatu. "Nini hiki?"

Changawa akamsogelea, akanong'ona.

"Kumbe hukusikia? Kuna mtoto alisahauliwa humu. Vioo juu, milango imefungwa. Saa saba mchana, jua la mwezi wa tatu. Baba mtu alikwenda kutia saini karatasi. Aliporudi, mtoto keshapiga vioo mpaka mikono imechoka."

"Wa kiume?"

"Wa kike."

Alijibu bila kufikiri. Maskini, alikuwa na binti mmoja tu, sura iliyomjia ndiyo ileile. Abdulaziz akaondoka bila kuaga. Kufika adhuhuri, yadi nzima ilikuwa na habari. Changawa akakirudisha kitambaa chini ya kiti kwa ncha ya kiatu chake, akaenda kula pilau.

Siku ya mnada, Jumanne, dalali alipoita loti ya kumi na saba, watu walitazama chini. Dalali akaita tena. Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja, nanyi mnaujua. Alilichukua gari kwa bei ya bure.

Jalila, karani wa mnada, akamwandikia orodha.

"Gari huuzwa kama lilivyo, na vyote vilivyomo," akasema bila kuinua macho. "Likitoka getini halirudi. Tia saini hapa."

Chini ya jeki na tairi ya akiba paliandikwa: kiatu cha mtoto, kimoja. Changawa akacheka moyoni, akatia saini.

Alipoingia garini alikitoa kiatu kwenye kitambaa ili akirudishe nyumbani kabla Agneta hajakiulizia. Kilikuwa cha moto. Gari lilikuwa limesimama kivulini tangu asubuhi. Na soli, ambayo Ijumaa ilikuwa nzima, ilikuwa imelika hadi kwenye kisigino.

Siku ya pili, saa saba mchana, Fancy alianza kulia akiwa amekaa uani. Alikuwa akitoka jasho mpaka nywele zikalowa. Shangaziye akamshika paji la uso, akauondoa mkono haraka. Mtoto alikuwa akiungua. Saa saba na nusu homa ikatoweka, akaomba uji.

Siku ya tatu, saa saba ileile. Safari hii hadi saa nane.

Wakampeleka hospitali. Damu wakapima, malaria hakuna, taifodi hakuna. Daktari akasema mtoto mzima. Kila siku homa ilikuja kwa saa yake na kila siku ilirefuka. Wiki ya pili alianza kuugeukia ukuta na kuupiga kwa viganja, polepole, pa, pa, pa, na midomo yake imekauka.

"Nifungulieni," alikuwa akisema. "Baba, nifungulie."

Mlango ulikuwa wazi. Madirisha yalikuwa wazi. Agneta alikuwa amekaa pembeni yake na beseni la maji, na biashara yake ya nyanya ilikuwa imekufa.

"Baba Fancy, mtoto anakuita wewe," Agneta akanong'ona. "Kwa nini anakuita wewe?"

Changawa akatoka nje. Alijua. Lo, alijua vizuri sana! Alikwenda pale Probox ilipoegeshwa, akatazama. Kwenye vioo palikuwa na alama za viganja vidogo. Akachukua kitambaa, akapangusa. Hazikutoka. Zilikuwa upande wa ndani. Akafungua mlango, akazipangusa kwa ndani, akafunga. Alipogeuka kulitazama tena gari, zilikuwa zimerudi, na zilikuwa mbichi.

Kesho yake alirudi Changamwe. Hakumtafuta mganga. Alimtafuta mlinzi wa geti, mzee mmoja aitwaye Nzai, mtu asiyependa mazungumzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Ile Probox. Kuna mtoto kweli aliyewahi kufia mle?"

Mzee Nzai akamtazama kwa chuki ambayo Changawa hakuitarajia.

"Mle? Mle palikuwa na mafaili tu. Mtoto ulimtia wewe. Nilikuona Ijumaa, nikasema haya, wajanja hao. Mchana wa saa saba, watu wote wamekwenda kula, nikasikia kioo kinagongwa. Nikaita, nani huko? Nikaitikiwa."

"Ukaitikiwa vipi?"

"Abeee," mzee akasema, na aliivuta vilevile.

Changawa akashika geti.

"Nifanye nini, mzee wangu?"

"Mimi si mzee wako. Uliyasema mbele ya watu, nenda ukayafute mbele ya watu. Jumanne wapo wote. Simama useme nilidanganya, hakuna mtoto, kiatu ni cha mwanangu. Basi. Na sasa ondoka getini pangu."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Maneno machache. Lakini fikirieni na yeye: mtu akikiri kwamba alitia kafara ya uongo kwenye mali ya serikali, hatakanyaga mnada tena, na hao wenzake walivyomchukia wangemburuta hadi kituoni. Usiku kucha alijipangia. Atasema. Hasemi. Atasema. Asubuhi ya Jumanne alimbusu Fancy kwenye paji la uso. Viatu vyote viwili vilikuwa chini ya kitanda, kile kizima na kile kilicholika. Aliviona kwa macho yake.

"Leo yanakwisha," akamwambia Agneta.

Akaenda na lile gari. Dalali yule, akimaliza mali ya serikali, huwauzia watu magari yao wenyewe mwishoni. Changawa alijiambia, nitasema ukweli kisha nitaliuza, nisilione tena. Jalila akazunguka gari na kalamu yake saa nne asubuhi, akaandika orodha, Changawa akatia saini bila kusoma. Mawazo yake hayakuwa pale.

Saa saba kasorobo, gari likaitwa. Kulikuwa na mgeni mmoja kutoka bara, mwenye pesa, asiyejua habari zozote. Akaanza na bei nzuri. Bei nzuri mno.

Abdulaziz akacheka kwa sauti.

"Bwana wee, mwulize kwanza mwenye gari. Mwulize yule mtoto wa mle ndani."

Mgeni akashusha mkono. Dalali akamgeukia Changawa.

"Mwenye gari, kuna nini? Sema mbele ya watu."

Wote walikuwepo. Wote waliosikia uongo walikuwepo, wamemkodolea macho, na Mzee Nzai amesimama getini. Alichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Na mdomo aliufungua, nawaambia. Neno lilikuwa limefika ulimini. Halafu akamwona Abdulaziz anavyotabasamu, anamngoja aanguke. Chuki ile ya miaka minane ikamkaba. Hapana. Si mbele ya huyu.

"Alikuwepo," Changawa akasema, kwa sauti kavu. "Wallahi sitawaficha. Alikuwepo mtoto. Lakini tumeshamtoa. Tumemtoa, tumemzika kwao. Yamekwisha."

Nyuma yake Mzee Nzai akasema, "La!"

Lakini mgeni alikuwa ameinua mkono, na nyundo ikagonga meza. Ilikuwa saa saba.

Simu ya Changawa ikalia. Agneta. Alikitazama kioo cha simu, hakupokea. Ikakatika. Mgeni alipomaliza kulipa, ikalia tena. Mbele yake Probox ilikuwa inatoka getini, inaelekea barabarani, na vioo vyake vilikuwa safi. Hata alama moja haikuwepo. Simu ya tatu aliipokea. Upande wa pili hakusikia maneno, alisikia wanawake wa mtaa mzima wakilia.

Fancy alizikwa kwao Kaloleni Alhamisi. Mtoto alikuwa ameungua kama aliyeanikwa juani, na yeye alifia kitandani, dirisha wazi, mama yake anampepea. Daktari hakuwa na neno la kuandika. Walipotaka kumvisha sare yake ya shule, viatu havikuonekana. Tulipekua nyumba nzima, hata mimi nilikuwepo, nikainua godoro. Alizikwa miguu mitupu.

Baada ya matanga Agneta alifua koti la mumewe. Mfukoni akakuta karatasi ya mnada. Akaisoma amesimama, kisha akaja sebuleni, ambako Changawa alikuwa amekaa tangu mazishi, madirisha yote ameyafungua.

"Soma hapa," akasema.

Jeki, moja. Tairi ya akiba, moja. Viatu vya mtoto, jozi moja. Na chini yake saini ya Changawa.

"Viatu vya mwanangu nani aliviuza?" Agneta akanong'ona. "Changawa, nakuuliza. Nani alitia saini?"

Hapo akamwambia yote. Agneta hakupiga kelele. Alifunga mizigo yake, akarudi kwao, na hajamsemesha hadi leo.

Kabla ya kuondoka alipitia Changamwe na zile karatasi mbili, ya kununua na ya kuuza, akamwekea Jalila mezani. Alitaka kujua karani aliviona wapi viatu hivyo. Jalila akatoa daftari lake, akalinganisha. Akasema mistari miwili ya mwanzo ni mwandiko wake, katika karatasi zote mbili. Garini hakuona kiatu chochote, siku ya kwanza wala ya pili.

Mstari wa tatu haukuwa wake. Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka, na kila J ilikuwa imeandikwa kinyume, jinsi Fancy alivyokuwa akiiandika kwenye daftari lake la shule.