Funikeni Mapipa

Siku majivu yalipoanza kuanguka ndani ya nyumba ya Charline, jua lilikuwa linawaka mtaa mzima wa Katoyi na anga haikuwa na wingu hata moja. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, anashona gauni la arusi, akaona punje za kijivu zinashuka taratibu mbele ya sindano. Akapangusa kitambaa. Kitambaa kilikuwa safi. Mtu wa Goma hangoji kuelezwa: volkano ikipumua, maji ya kunywa ndiyo ya kwanza kuharibika. Alitoka mbio, akafunika mapipa yake ya kukingia maji ya mvua, kisha akawaita majirani.

"Mufunike mapipa. Majivu inaanguka."

Majirani wakatazama juu. Mlima ulikuwa umetulia kama mzee aliyeshiba.

"Mama Ange, hiyo majivu iko wapi? Ama ni poudre ya uso ya bibi-arusi?"

Watu wa Katoyi hawakosi la kucheka, hata baada ya yote waliyoyaona. Charline akacheka nao. Aliporudi ndani, majivu yalikuwa bado yanaanguka.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Charline aliyajua hayo, lakini fundi asiye na macho ya kuaminika nani atamletea kitambaa? Alinyamaza kwanza, kisha akaenda kimyakimya kwa daktari wa macho. Daktari alimmulika, akamsomesha herufi ukutani, akaweka taa yake chini.

"Macho yako iko bien, haina ugonjwa, mama. Unaona hivi tangu wakati gani?"

"Nyuma ya vita, wakati iliisha."

"Ni woga. Ilibakia mu mwili. Ikikuja, gusa kitu yenye iko karibu yako, taja jina yake, pumua polepole. Na utafute mutu wa kuzungumuza naye."

Kuzungumza alishindwa, maana angeanzia wapi? Lakini kugusa aligusa. Alishika ukuta wa mawe ya volkano akasema ukuta, akashika mkasi akasema mkasi. Na kweli majivu yakapungua, yakawa machache ya kuhesabika. Ndipo alipogundua kwamba kuna mahali hayaanguki kabisa.

Ilikuwa pembeni, kwenye cherehani ya pili. Majivu yalishuka kulia na kushoto, lakini katikati palibaki patupu, na utupu huo ulikuwa na mabega. Ulikuwa na shingo nyembamba na kichwa kilichoinama kidogo, kama cha mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Charline alimjua. Cherehani ile ilikuwa ya Joviale, msichana wa upande wa Bukavu aliyekuwa anajifunza kazi kwake. Wiki ile ya risasi, maji yalipokatika mjini, walilala chini ya meza ya kukatia, yeye, Joviale na Ange, binti yake mdogo, aliyemwita Joviale yaya, yaani dada. Mvua ilipoanza kunyesha, Charline alimwambia msichana, "Enda ufunue mapipa mbio, mutoto atakunywa nini?" Joviale akatoka. Mvua ilijaza mapipa yote, na Joviale hakurudi. Alizikwa haraka pamoja na wengine wengi, na hakuna aliyekaa kilio chake. Waliokufa walikuwa wengi mno kuliliwa mmoja mmoja.

Mume wa Charline, Kataliko, alikuwa safarini na bidhaa zake kama kawaida, kwa hiyo mama mkwe, Kahambu, alikuwa amekuja kutoka Butembo kusaidia tangu kabla ya siku ya mapipa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kufunika kikombe cha chai kwa kiganja kila baada ya kunywa kidogo. Charline alidhani anaogopa nzi.

Mchana mmoja, kanyagio la cherehani ya pili likaanza kugonga. Liligonga polepole, kwa mwendo wa mwanafunzi anayeogopa kuharibu kitambaa cha mteja, na harufu ya mafuta ya nywele ya Joviale ikajaa chumbani, na Charline akataka kushika ukuta lakini mkono wake ulikuwa mbali, ng'ambo ya barabara, mkono wa mtu mwingine, na akamwona mtoto anakwenda kwenye pasi ya makaa, mtoto bapa kama wa kwenye picha, na akajiuliza huyu ni mtoto wa nani, na mtoto akanyoosha kidole, na mdomo wake ukafunguka, na muda mrefu ukapita kabla kile kilio hakijamfikia.

Kahambu ndiye aliyemnyakua Ange. Kidole kilikuwa kimeungua kidogo tu.

"Mama Ange, uko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Hauko hapa. Mu hii nyumba kuko kitu. Samedi ninaenda na mutoto Butembo."

Charline alimpigia mumewe simu. "Mama amesema," Kataliko alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliogopa sasa kuliko alivyowahi kuogopa ile pembe. Bila Ange, angebaki peke yake na yule wa pembeni. Alipiga magoti, akamsihi mkwewe, na Kahambu akakubali jambo moja: mama Jeanine wa kikundi cha maombi aje aombee nyumba. Ikisafika, mtoto atabaki.

Ile samedi, Jumamosi asubuhi, mama Jeanine alifika na rozari, chumvi na maji ya baraka. Mzigo wa Ange ulikuwa tayari mlangoni, umefungwa kamba. Jeanine aliomba mpaka jasho likamtoka, akanyunyizia kila pembe, kisha akamgeukia Charline.

"Hiki kitu jina yake ni nani?"

Charline alilijua jina. Lakini akilitaja wangemfukuza Joviale kama mbwa, msichana aliyetumwa maji tu.

"Haiko tena," alisema.

"Basi enda ukae pale."

Akaenda, akakaa kwenye cherehani ya pili. Aliyekuwa amekaa hakumpisha. Baridi ilimwingia mgongoni, pumzi ikapita sikioni, na chini ya miguu yake kanyagio likaanza kuinuka lenyewe, polepole, likimwinua unyayo.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

Mama Jeanine akamshukuru Mungu kwa nguvu, akakusanya vitu vyake, akaenda zake.

Kahambu akamimina chai. Akanywa kidogo, akafunika kikombe kwa kiganja. Hapakuwa na nzi hata mmoja. Charline alikitazama kile kiganja, kisha akaona kwamba hata yeye amefunika cha kwake.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "kwako inaangukaka nini?"

Kahambu aliinua kiganja, akatazama ndani ya kikombe.

"Unga. Tulikuwa tunatwanga mihogo, kule shamba, upande wa Beni, wakati wauaji walifika. Ni myaka mingi sasa."

"Na hukusema."

"Ningesema kwa nani? Ile siku ulifunika mapipa, nilijua. Ndio maana nilitaka kumutoa mutoto hapa, asiambukizwe na sisi."

"Na pale pembeni?"

"Pale naona tu mahali unga haianguke. Mutu wako simujue."

"Ni Joviale." Charline akalia, kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. "Nilimutuma maji, mama. Ni mimi nilimutuma."

"Basi tutamulilia. Leo leo. Pengine anangoja hiyo tu."

Ange alikuwa amemaliza uji wake kizingitini. Aliokota bakuli, akakatisha chumba kulipeleka jikoni. Alipofika kwenye cherehani ya pili alisimama, akakusanya sketi yake ubavuni, akapita kiubavu kama mtoto aliyefundwa kutomsumbua mtu mzima kazini.

"Pardon, yaya," alisema, akaendelea na safari yake.

Wanawake wawili wakatazamana. Kahambu akainuka, akaenda mlangoni, akapiga magoti na kuanza kufungua kamba ya mzigo wa mtoto.